Siku Mama Zawadi Hakutusindikiza

Vijana wangu wakalimani, mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi, mkaniwekea na sharti kwamba nisihubiri. Sharti nimelipokea. Ila mimi ni mtu wa Mombasa niliyezeekea Minneapolis, kwa hiyo mkiona mahali nimeteleza nikahubiri, lawama ni ya umri. Kiburi ninacho, sikatai, lakini ni cha kazi yangu, kwa sababu kazi yangu niliijua. Kwa zaidi ya miaka ishirini nilikuwa mkalimani wa kaunti, nikaingia nyumba za watu kuanzia ghorofa za Cedar-Riverside mpaka Champlin, na nyingi niliziacha zikiwa na nafuu kuliko nilivyozikuta. Moja niliiacha ikiwa mbaya zaidi, na hiyo ndiyo nitakayowasimulia kwa kirefu. Zile nyingine zinajisimulia zenyewe, tena kwa kutia chumvi.

Kwanza tuondoe neno moja mezani, neno "kuombaomba". Nimemwona dereva wa lori, mtu mzima na ndevu zake, ameumia mgongo, hana kazi mwezi wa tatu, watoto wanne ndani, ananiambia, "Athman, mimi sikuja Amerika ku-beg." Nikamwuliza, "Ile kodi uliyokatwa kwenye kila cheki miaka yote hiyo, ulidhani wanaipeleka mwezini?" Kadi ya chakula, bima ya matibabu, msaada wa kodi ya nyumba, mtu wa kuja kumwogesha mzee, vyote hivyo kaunti inavitoa kwa sababu watu wamevilipia, na wewe ni mmoja wao. Anayekataa kujaza fomu kwa sababu ya heshima anakufa na tai shingoni, na tai hailiki.

La pili ni barua. Barua ya kaunti huja kwenye bahasha yenye kidirisha, na watu wetu wana mahali pake maalumu. Sisi Waislamu wa Pwani huiweka juu ya friji, chini ya bakuli la tende. Ndugu zetu Wakongo huichomeka ndani ya Biblia. Pote pawili ni mahali pazuri pa kuweka baraka, na pabaya sana pa kuweka karatasi yenye siku ya mwisho ya kujibu. Fungua bahasha siku hiyo hiyo, ukiwa umesimama, kabla hujavua koti. Halafu geuza karatasi usome nyuma. Huku habari mbaya huandikwa mbele, na dawa yake huandikwa nyuma kwa herufi ndogo.

Sasa niwaambie kuhusu watu wetu na maswali. Fomu ya kadi ya chakula huuliza, unanunua chakula na kupika pamoja na nani? Mtu wa hapa hujibu bila kufikiri. Kwetu hilo ni swali la tabia njema. Nilikuwa na wanawake wawili wa Lamu waliokodi nyumba moja Cedar-Riverside, kila mmoja na sufuria yake na rafu yake kwenye friji, kwa sababu mmoja hali pilipili na mwingine asipoiona pilipili haoni chakula. Nikawauliza wote wawili pamoja, wamekaa kochi moja, kama wanapika pamoja. Wakajibu kwa sauti moja, "Pamoja, bwana! Sisi ni ndugu!" Nani atasema mbele ya shoga yake kwamba anakula peke yake? Basi wakaandikwa familia moja, pesa za kadi zikapungua, na tulihangaika muda mrefu kuwatenganisha tena kwenye karatasi. Tangu hapo nikajifunza kuomba kila mtu aulizwe peke yake. Hilo lilikuwa kosa dogo, nikalicheka mwenyewe, nikadhani nimeshahitimu.

Mwalimu wangu alikuwa mama wa Kizungu, jina lake Darlene. Yeye alikuwa mpimaji. Mpimaji ndiye anayekwenda nyumbani kwa mzee au mgonjwa, anauliza maswali kurasa kwa kurasa, na majibu hayo ndiyo yanayoamua kaunti ilipe msaidizi aje saa ngapi kwa wiki, au asije kabisa. Darlene alikuwa mfupi, mkali, mtoto wa wakulima wa kaskazini, na alitembea na chupa ya kahawa ambayo sijawahi kuona imekwisha. Siku ya kwanza aliniambia garini, "Athman, tukishaingia mle ndani mimi sina masikio wala mdomo. Ninavyo vyako tu." Nikaona ni sifa, nikavimba kichwa. Sikujua kwamba alikuwa ananitwisha mzigo.

Ninyi mnajua salamu zetu. Mtu anakuuliza habari za nyumbani, unamjibu, "Nzuri tu, ila baba amefariki." Kwanza unamtuliza mwenzio, ndipo unamweleza msiba. Wote tunangoja ile "ila", tunajua inakuja. Mzungu hajui. Akisikia "nzuri" anaandika nzuri na kwenda kwenye swali la pili. Ukiniuliza kazi yangu yote ilikuwa nini, nitakwambia ilikuwa kumfanya Mzungu angoje ile "ila". Nami siku moja sikumngojesha.

Mama Zawadi alikuwa mama wa Kikongo, mzaliwa wa Uvira, umri wake umeshapita sabini. Aliletwa hapa kutoka kambi ya wakimbizi pamoja na binti yake, Neema, wakapata nyumba ndogo Brooklyn Park. Mama alikuwa na ugonjwa wa sukari, miguu imevimba, na nyonga moja haimtii. Neema alifanya kazi kwenye ghala kubwa Shakopee, upande wa pili kabisa wa mji, saa kumi kwa siku. Alitoka alfajiri na kumwacha mama kwenye kochi na chupa ya uji na simu. Aliomba kaunti impe mtu wa kukaa na mama saa zile ambazo yeye yuko kazini. Hakuomba kingine chochote.

Tulipofika, harufu ya chakula ilitupokea kwenye ngazi. Neema alichukua ruhusa siku ile, na baadaye nilikuja kujua kwamba aliamka kabla ya jua akafagia, akapika, akamwogesha mama, akamvika kitenge kipya na kilemba chake, akamkalisha kwenye kiti cha meza, wima, mikono juu ya mapaja. Mezani palikuwa na sombe, ndiyo kisamvu chetu, bugali, wali, samaki na soda. Watu waliotazamia wageni walikuwa wamefanya kila linalostahili kufanywa.

"Karibuni, karibuni sana!" Mama Zawadi alisema. "Muko muzuri? Mumefika na hii baridi?"

"Tumefika salama, Mama. Wewe hujambo?"

"Niko muzuri sana, mwanangu. Mungu ni mwema."

Nikatafsiri kwamba ni mzima sana. Darlene akaandika.

Akaulizwa kama anaweza kupika. Akaonyesha meza kwa mkono, "Chakula si njo hii munaona?" yaani si ndicho hiki. Wala hakudanganya, maana hakusema nani kakipika. Akaulizwa kama anaweza kutembea. Akacheka. "Mimi nilivuka vita na miguu, na mutoto kwa mugongo!" Ni kweli, alitembea, ila ilikuwa zamani, Neema akiwa bado hajaota meno. Nikatafsiri kama lilivyo, Darlene akacheka naye, na chumba kikachangamka. Mimi mwenyewe nilikuwa nafurahia, nikijiona nimewaunganisha watu.

Ndipo Darlene akafika kwenye ukurasa wa choo. Aliuliza kama karatasi inavyotaka, wazi na kwa sehemu zake: je, anahitaji mtu wa kumsaidia kufika chooni, kuvua nguo, kukaa na kuinuka, na kujisafisha?

Vijana, nilimtazama Mama Zawadi. Alikuwa rika la mama yangu. Amevaa vizuri, amenipikia, ananiita mwanangu. Nimuulize mwanamke huyo, mimi mwanamume, mbele ya sombe yake, nani anampangusa? Ulimi ulikataa. Nikasema, "Mama, na yale mambo mengine ya mwili, hamna shida, sivyo?"

"Hapana shida, mwanangu."

Nikamgeukia Darlene nikamwambia anajimudu mwenyewe.

Hilo ndilo kosa langu, nimeliandika ili mlione lilivyo dogo. Sikula rushwa wala sikutukana mtu. Niliona haya tu, nikachukua swali lenye sehemu nne nikalifanya salamu, na salamu mtu huijibu kwa salamu. Neema alikuwa amesimama na sinia la soda, ametazama chini.

Tukala kidogo, tukaaga. Sasa, mnajua desturi. Kwetu mgeni husindikizwa mpaka mlangoni, na akipendwa mpaka barabarani. Wakongo ndio wametuzidi. Nimewahi kusindikizwa mpaka kwenye gari theluji ikianguka, mwenyeji amevaa kandambili. Mama Zawadi alituaga kwa mikono yote miwili palepale kwenye kiti. "Neema atawasindikiza," akasema, na akatabasamu. Mwanamke ambaye hakupunguza kitu hata kimoja katika ukarimu wake hakuinuka. Niliona. Nikajua kwa nini. Nikashuka ngazi na Darlene nikizungumzia barabara na barafu.

Haukupita mwezi, Jumamosi moja mchana nikakutana na Neema kwenye duka la vyakula vya kwetu, ameshika mfuko wa unga wa muhogo, macho mekundu. Nikamsalimu, akajibu nzuri. Safari hii nikangoja.

"Ila kaunti ilikatala, Papa Athumani," akasema. "Wanasema Mama anajiweza."

"Lini?"

"Siku mingi. Na Jumatano alianguka. Nilimukuta chini, mbele ya choo. Alikaa pale tangu asubuhi mpaka nilitoka kazi. Simu ilibaki kwa kiti." Akaweka mfuko chini. "Na chef wangu, mukubwa wa kazi, ameniambia, nikikosa tena siku moja, wananifuta. Nyumba njo inalipwa na ile kazi. Sasa nikae na Mama tukose nyumba, ao niende kazi nimukute amekufa?"

Nikamwuliza barua iko wapi. Nadhani mnajua jibu.

"Iko mu Biblia. Niliona imeisha, basi."

Nikamwambia ampigie mama simu, na mtoto wa jirani aliyekuwa naye aipige barua picha pande zote mbili. Picha ikaja. Nyuma, kwa herufi ndogo, palikuwa na haki ya kukata rufaa na siku ya mwisho. Zilikuwa zimebaki siku nne.

Hapo ningeweza kumsaidia nikanyamaza. Hakuna aliyejua, ndivyo nilivyoamini. Nilisimama kati ya magunia ya mchele nikisikia aibu ya kweli, si ile ya kuogopa kutaja choo. Nikamwambia, "Neema, kosa si la mama yako. Ni langu. Lile swali la choo sikulitafsiri lote."

Akauinua mfuko wake wa unga. "Nilikusikia," akasema.

"Ulinisikia?"

"Papa, mimi nilifanya cleaning ya toilettes miaka mbili. Kingereza ya choo ninaijua. Nilisikia ile mama anauliza, na nilisikia ile wewe uliuliza. Lakini utakatala muzee mbele ya Mama? Nilisikia haya."

Kwa hiyo hesabuni: mama aliona haya mbele ya wageni, mkalimani akaona haya mbele ya mama, binti akaona haya mbele ya mkalimani. Sote watatu tulikuwa na adabu nzuri kabisa, na Mama Zawadi akashinda sakafuni siku nzima. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeusikia msemo huo tangu utotoni bila kuufanyia kazi.

Rufaa tuliiandika palepale juu ya kaunta ya duka. Msidhani rufaa inataka Kiingereza cha wakili. Jina, namba ya kesi iliyo kwenye barua, "Sikubaliani na uamuzi huu, naomba rufaa," sahihi, tarehe. Kwisha. Maelezo utayatoa mbele. Mwenye duka akaituma kwa faksi, mashine ikatoa kijikaratasi cha kuthibitisha kwamba imefika, na Neema akataka kukitupa. Nilimshika mkono! Kile kijikaratasi ndicho shahidi wako siku watakaposema hawakupata kitu. Nikamwambia akiweke kwenye Biblia, maana sasa kinafaa kukaa humo.

Jumatatu nikamngoja Darlene kwenye maegesho ya ofisi. Nikamweleza yote, pamoja na hilo la Mama kutoinuka kutusindikiza. Aliweka chupa ya kahawa juu ya bati la gari. 

"Lile swali lilikuwa langu," alisema. "Hukuwa na ruhusa ya kulipunguza. Kama hukuweza kuliuliza, ungeniambia huwezi."

"Najua."

"Ulijua na siku ile."

"Nilijua."

Akaingia garini, akanifungulia mlango wa upande wa pili. Nilitegemea kufukuzwa, yeye akaanza kunisimulia habari za baba yake. Alikatwa vidole viwili na mashine ya shambani, akaingia jikoni mkono umefungwa taulo, na mkewe alipomuuliza hali akajibu, "Si mbaya sana." Wazee wote wa kwao, alisema, hujibu hivyo, hata wakiwa wanakufa. "Nimepima wakulima miaka mingi, na sikuwaamini hata mmoja. Wa kwenu nikawaamini, kwa sababu walizungumza kupitia kwako. Ningemwomba ainuke tu, ningeona." Hapo akalia kidogo, nami nikalia, magari yakipita. Kisha akasema tuingie kwa mkuu wa idara pamoja, nikaseme mimi mwenyewe kwa mdomo wangu.

Nilipewa barua ya onyo, tena ya haki. Nikaondolewa kwenda majumbani, nikawekwa kwenye simu, nikarudishwa darasani na vijana wa rika lenu, mimi na mvi zangu. Nilikwenda kila siku, nikakaa mstari wa mbele.

Rufaa ilisikilizwa kwa simu. Neema aliomba niwe shahidi, nikakaa nyumbani kwao, simu iko katikati ya meza ambayo safari hii haikuwa na sombe. Mkalimani alikuwa binti mmoja Mtanzania, sauti tu, hatukumwona. Hakimu alipofika kwenye swali la choo, nikaitazama ile simu.

"Mama yangu, shikamoo tena," yule binti alisema. "Nitakuuliza jambo la faragha, uniwie radhi. Anayeuliza ni hakimu, na nitaliuliza lote kama lilivyoulizwa." Kisha akaliuliza lote, sehemu zote nne, taratibu, bila kuruka neno.

Mama Zawadi alinitazama. Nilikuwa nimeinamisha kichwa.

"Hapana," akasema. "Siwezi. Neema njo ananipeleka, njo ananivua, njo ananisafisha. Akiwa kwa kazi, ninangoja."

"Unangoja mpaka saa ngapi, Mama?"

"Mpaka arudi."

Hakimu akauliza kwa nini mara ya kwanza alisema hana shida. Mama Zawadi akashangaa kwamba mtu mzima, tena hakimu, anaweza kuuliza jambo kama hilo.

"Wageni walikuwa kwangu," akasema.

Zamu yangu ilipofika nilisema niliulizwa nini na nilitafsiri nini, neno kwa neno. Yalikuwa maneno machache sana. Nilipomaliza, Mama Zawadi akanipiga kofi dogo mkononi, kama unavyompiga mtoto aliyemwaga maziwa. "We ulikuwa na haya sana, mwanangu," akasema. "Siku ingine uliza tu. Nitakasirika, kisha nitakujibu."

Uamuzi wa kwanza ulitenguliwa, akapimwa upya. Darlene mwenyewe alikwenda na mkalimani mwingine, na hakumuuliza kama anaweza hiki au kile. Alimuuliza, "Leo asubuhi uliamkaje? Nani alikuwepo? Halafu?" Wakaanza kitandani, wakaenda hatua kwa hatua mpaka kochini, na kila hatua palikuwa na mkono wa Neema. Msaidizi akapatikana, mama mmoja wa Bukavu, wakawa wanaimba nyimbo za kanisani siku nzima. Neema hakufutwa kazi. Mama Zawadi aliishi miaka sita baada ya hapo, na nilipokuwa nikienda kumsalimu alinisindikiza mpaka mlangoni akisukuma kigari chake cha kutembelea, msaidizi amemshika kiuno, mimi nikijifanya sina haraka. Alipofariki nilimlilia kama mzazi wangu.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Swali la aibu liombeeni radhi kwanza, semeni linatoka kwa nani, kisha liulizeni lote. Heshima iwe kwenye radhi, isiingie kwenye swali. Msiulize "unaweza?", kwa maana hakuna mzee atakayekwambia hawezi, ulizeni leo asubuhi ilikuwaje. Na nyinyi mnaoomba msaada kwa ajili ya wazazi wenu, mpimaji akija msipike. Acheni nyumba kama ilivyo. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mgeni hawezi kumponya mwenyeji aliyejificha nyuma ya kitenge kipya.

Maneno matamu, sivyo? Nimeyasema katika vyumba vingi vya mafunzo, nimepigiwa makofi. Sasa mmoja wenu, anajijua, alikuwa sebuleni kwangu wiki iliyopita. Magoti yangu yamekwisha, mgongo hautaki kuinama, na binti yangu Rukia aliomba kaunti ije inipime. Siku yenyewe nikaamuru kanzu ipigwe pasi. Nikataka kahawa na kashata zitengwe. Rukia akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Baba, please. Leo usi-act kama uko fine."

"Wageni wanakuja, Rukia."

"It's not wageni, Baba. It's an assessment."

Nikavaa kanzu na kofia, nikakaa wima kwenye kiti cha meza, mikono juu ya mapaja. Akaja mpimaji, kijana wa Kizungu na kompyuta yake, pamoja na mwenzenu huyo, binti mkalimani. Nikawakaribisha kwa sauti ya zamani, ile ya kazini. Mpimaji akauliza naendeleaje nyumbani, naye mwenzenu akaniuliza kwa Kiswahili safi, "Shikamoo, babu. Hujambo? Leo asubuhi uliamkaje?"

"Marahaba, mwanangu. Sijambo, alhamdulillahi," nikasema. "Nzuri kabisa."

Mpimaji akamtazama, vidole juu ya kompyuta. Yule binti hakutafsiri. Aliweka mkono juu kidogo kumzuia, akanitazama, akangoja. Rukia alikuwa amesimama na sinia la kahawa, ametazama chini.

"Ila," nikasema, "soksi hizi amenivisha mwanangu."